Baiskeli isiyofika sokoni

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea kusoma, hebu itupie jicho kona ya chumba chako. Ikiwa wewe ni mmoja wa wale walionunua baiskeli ya mazoezi wakati wa korona, huenda leo hii baiskeli hiyo imegeuka kuwa kamba ya kuanikia nguo. Usione haya. Hata yangu ilikuwa hivyo.

Niliinunua mwezi wa Aprili mwaka wa 2020, siku chache baada ya kafyu kuanza hapa nchini. Kumbi za mazoezi zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nikifanya kazi nyumbani, meza ikiwa hatua tatu kutoka jikoni. Tumbo likaanza kunitangulia mlangoni. Kwa majuma mawili niliiendesha baiskeli hiyo kama mtu anayefukuzwa na simba. Juma la tatu magoti yakaanza kuuma. Juma la nne nikatundika sweta kwenye usukani ili likauke, na huo ukawa mwisho wa safari yangu.

Leo nataka kukusimulia jinsi baiskeli hiyo hiyo ilivyokuja kufanya kazi katika nyumba nyingine, mbali na Nairobi, na mambo ambayo mwenye nyumba hiyo amenifunza kuhusu kupunguza uzani. Nasema amenifunza kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikijifanya mjuzi.

Bodaboda na sifa za kunona

Dadangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mikinduri. Kwa msomaji ambaye hajafika huko, Mikinduri ni mji mdogo wa soko katika eneo la Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, upande wa milima ya Nyambene. Ni nchi ya migomba, miraa na njia za kupanda na kushuka. Ukienda kuazima chumvi kwa jirani, umepanda mlima.

Alipoanza kazi, dadangu alikuwa akitembea kwenda shuleni asubuhi na kurudi jioni, karibu saa nzima kwa siku, mfuko wa madaftari begani. Kisha zikaja bodaboda. Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, zilienea kila kijiji, na si Mikinduri peke yake. Mwalimu naye akaanza kubebwa, kwanza siku za mvua tu, baadaye siku zote. Hakuna aliyemlaumu. Nani atembee kwenye tope ilhali pikipiki iko mlangoni?

Miaka ikapita, na mwili ukaongezeka polepole kiasi kwamba hakuna aliyegutuka. Badala yake watu walimsifu. Kila nilipokwenda nyumbani niliwasikia wakisema, "Mwalimu amenona, mambo yake ni mazuri." Wewe pia unazijua sifa hizi, mpenzi msomaji. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kitambi ni dalili ya pesa na kwamba mke aliyekonda anateswa na mumewe. Wala dadangu hayuko peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5.

Lakini katika familia yetu sifa hizo zina uchungu. Mama yetu pia alisifiwa hivyo hivyo. Kisha akapatikana na ugonjwa wa kisukari, kidonda kidogo cha kidole kikakataa kupona, na mwishowe akakatwa mguu chini ya goti. Dadangu ndiye aliyemwogesha na kumbeba hadi siku alipotuaga mwaka wa 2016. Mimi nilikuwa nikituma pesa kutoka mjini. Kutuma pesa na kumbeba mgonjwa si kazi moja.

Kwa hivyo Januari mwaka jana, alipopimwa na kuambiwa kwamba shinikizo la damu lake ni 145 kwa 92 na sukari yake kabla ya kula ni 6.4, hakuhitaji kufafanuliwa. Kipimo cha sukari kikifika 7.0 hicho ni kisukari. Yeye alikuwa amesimama mlangoni. Uzani wake ulikuwa kilo 86, na kiuno sentimita 102, ilhali wataalamu husema kwamba mwanamke akizidi sentimita 88 hatari huongezeka sana. Alinipigia simu usiku huo. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, ile baiskeli yako bado iko?"

Niliondoa nguo, nikaipangusa vumbi, na Ijumaa ikafungwa juu ya keria ya matatu ya Meru.

Kwa nini asiendeshe ya barabarani?

Hili ndilo swali nililomuuliza, na pengine nawe unajiuliza. Baiskeli za kawaida zipo, na tulikua tukiziona zile nyeusi nzito tulizoziita Black Mamba zikibeba magunia. Alinijibu kwa sababu nne, na sikuweza kuipinga hata moja.

Ya kwanza ni wakati. Mwalimu huondoka nyumbani alfajiri na kurudi giza likiingia. Nafasi yake ni saa kumi na moja asubuhi, na huo si wakati wa mwanamke kuwa barabarani peke yake. Ya pili ni mvua. Upande ule, mvua za Oktoba hadi Desemba zikianza, njia za udongo huwa sabuni. Ya tatu ni milima. Mtu mzito ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka 10 akianza kwa kupanda kilima, moyo utamkoma kabla hajafika kileleni. Ya nne aliisema akicheka: "Nikivaa suruali ya mazoezi nipite sokoni, nani atamfundisha nani hesabu Jumatatu?"

Baiskeli ya ndani huondoa vikwazo hivyo vyote. Isitoshe, ile ya kawaida haitumii stima, kwa hivyo umeme ukipotea safari inaendelea. Kiti hubeba uzani wa mwili, na hivyo magoti na vifundo havipigwipigwi kama mtu anapokimbia. Kuna kitu cha kuzungusha ambacho hukaza au kulegeza gurudumu, na kwa hicho unajiundia mlima wako mwenyewe, unaoweza kuusawazisha mara moja ukichoka.

Mashine ya namna hii si jambo geni duniani. Yale mazoezi ya baiskeli za ndani kwa makundi, huku muziki ukivuma, yalienezwa na mtu aliyezaliwa Afrika Kusini, Johnny Goldberg, maarufu kama Johnny G. Akiwa Marekani katika miaka ya 1980, alijiundia baiskeli ya kufanyia mazoezi nyumbani ili kujiandaa kwa mashindano ya kuendesha kuvuka nchi hiyo. Kufikia miaka ya 1990 mtindo wake, ulioitwa Spinning, ulikuwa umeenea katika kumbi nyingi za mazoezi. Leo kumbi kubwa za hapa Nairobi nazo zina vyumba vya baiskeli hizo.

Mikinduri hapakuwa na muziki wala kundi. Palikuwa na sebule, redio na watoto wawili waliodhani mama yao amepata wazimu. Majirani nao wakasikia. Ajuza mmoja wa pale jirani aliingia kuona kwa macho yake, akaizunguka mashine mara mbili, kisha akauliza, "Mwalimu, unakanyaga hivi tangu lini, na bado hujafika hata sokoni. Hii kitu inakupeleka wapi?"

Dadangu hakuacha kukanyaga. Alimjibu, "Nyanya, inanipeleka uzeeni nikiwa na miguu yangu miwili."

Yule ajuza alimfahamu mama yetu. Alinyamaza, akavuta kiti, akaketi hadi zoezi likaisha.

Miezi mitatu, kilo moja

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi hukata tamaa. Dadangu aliendesha siku tano kwa juma, nusu saa kila siku, bila kukosa, kwa miezi mitatu. Alipopanda mizani mwezi wa Aprili alikuwa amepoteza kilo moja tu. Kilo moja! Alinipigia simu akiwa na hasira kana kwamba nilimuuzia ng'ombe tasa.

Tukaketi kila mmoja na kalamu yake, yeye kule na mimi huku, tukapiga hesabu. Ifuate pamoja nasi, mpenzi msomaji, kwa sababu ndiyo hesabu ambayo wauzaji wa mashine hawakuonyeshi.

Mtu wa uzani wake akiendesha kwa kiasi cha wastani kwa nusu saa huchoma kalori kama 250. Siku tano ni kalori 1,250. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700. Gawanya. Utaona kwamba baiskeli peke yake, hata ukiwa mwaminifu, huchukua takriban majuma sita kuondoa kilo moja. Kwa miezi mitatu ilipaswa kuwa kilo mbili. Je, ile kilo ya pili ilipotelea wapi?

Ilikuwa jikoni. Baada ya zoezi dadangu alihisi njaa na pia alihisi kwamba amestahili zawadi. Akawa anaongeza chapati moja kwenye kiamshakinywa. Chapati kubwa iliyopikwa kwa mafuta yaweza kuwa na kalori 250 au zaidi. Yaani alikuwa akikanyaga nusu saa nzima kuilipia chapati ile, na baiskeli ikibaki bila mshahara.

Kisha tukahesabu chai. Katika nyumba nyingi za kwetu, sukari hutiwa ndani ya sufuria chai ikichemka, na hakuna anayejua amekunywa vijiko vingapi. Tulipopima, tukapata vijiko vitatu vya chai kwa kikombe, naye alikuwa akinywa vikombe vinne kwa siku. Hivyo ni vijiko 12. Kila kijiko kina kalori kama 16, kwa hivyo ni kalori 192 kwa siku, au zaidi ya 1,300 kwa juma. Kwa maneno mengine, sukari ya chai ilikuwa inarudisha kila juma kile ambacho baiskeli inaondoa, na kuzidi kidogo. Nawe mwanafunzi unayeshushia chipsi kwa soda ya nusu lita, jua kwamba chupa hiyo ina kalori kama 210. Ni safari ya baiskeli ya dakika 25 inayomezwa kwa dakika tano.

Wala usidhani kwamba jibu ni kukanyaga mara tatu zaidi. Majirani zetu wa Tanzania wametoa fundisho kubwa hapa. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao bado hula kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na hutembea kilomita nyingi kila siku. Mwaka wa 2012, mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambazo miili yao hutumia kwa siku. Kila mtu alitarajia kwamba wangewashinda kwa mbali watu wa ofisini huko Marekani na Ulaya. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, walitumia kiasi kinachokaribia kuwa sawa. Inaonekana mwili ukizoea kazi nyingi, hubana matumizi mahali pengine. Kwa hivyo mwembamba si yule anayetoka jasho tu, bali pia yule ambaye sahani yake haimzidi.

Sufuria ya chai

Dadangu alianza na chai. Hili laweza kuonekana jambo dogo kwako, lakini nyumbani kwetu kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni kama kumwambia arudi alikotoka. Shemeji yangu alilalamika kwamba chai imekuwa maji ya kuoshea vikombe. Wakapatana hivi: chai ipikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani, na kila mtu ajipimie. Dadangu alishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja. Baada ya miezi miwili, kile kimoja chenyewe kilimtosha kabisa. Shemeji alishikilia vitatu vyake kwa muda, halafu bila kutangaza akajikuta na kimoja na nusu.

La pili lilikuwa chapati, ambazo zilirudi kuwa chakula cha Jumapili. Hakula kidogo hadi akaona nyota. Alibadilisha mgawanyo wa sahani: nusu mboga za majani, robo ugali, ndizi au nduma, na robo maharagwe, mayai au nyama. Vyakula vyetu vya asili havina kosa. Githeri yenye maharagwe mengi hushibisha na kukaa tumboni. Kosa letu ni mlima wa wanga, mafuta ya kukaanga na vinywaji vya sukari.

Kufikia mwisho wa Septemba, miezi tisa tangu aanze, mizani ilisoma kilo 80. Kiuno kilikuwa sentimita 95. Sukari ilikuwa 5.6, na shinikizo la damu 130 kwa 84. Kilo sita kwa miezi tisa! Najua utasema ni chache, kwa kuwa kuna matangazo yanayoahidi kilo 10 kwa mwezi. Lakini kilo sita kwa mtu wa kilo 86 ni asilimia 7, na asilimia hiyo ina uzito wake. Mwaka wa 2002, watafiti wa Marekani walitoa ripoti juu ya watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi lililolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzani kwa chakula bora na mazoezi ya dakika 150 kwa juma lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, na likawashinda hata waliopewa dawa.

Dakika 150 ni zipi? Ni nusu saa mara tano. Ndiyo ratiba ya Mikinduri, na ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima.

Hata ile miezi mitatu ya kilo moja haikupotea bure. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Moyo hupata nguvu, usingizi huwa mzuri, na anayeendelea na mazoezi ana nafasi bora ya kutorudisha kilo alizopoteza. Mizani huonyesha jambo moja tu kati ya mengi.

Wewe uanze vipi?

Ikiwa una baiskeli, au unaweza kuipata ya mitumba, au unalipia ukumbi wa mazoezi, zingatia haya:

Kwanza, pima kiti. Mimi niliumia magoti kwa sababu kiti kilikuwa chini mno. Simama kando ya baiskeli. Kiti kiwe sawa na mfupa wa nyonga. Ukikaa na mguu mmoja ukiwa umefika chini kabisa, goti liwe limekunjika kidogo tu. Kanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, wala si kisigino. Vaa raba, fungua dirisha, na weka maji karibu.

Pili, anza kidogo. Majuma mawili ya kwanza, dakika 10 mara nne kwa juma zinatosha. Ongeza dakika tano kila juma hadi ufike 30, kisha ongeza siku ya tano. Dakika tano za mwanzo na tano za mwisho ziwe za polepole. Makosa yangu ya mwaka wa 2020 yalikuwa kutaka kumaliza kazi ya mwaka mzima kwa majuma mawili.

Tatu, tumia kipimo cha maneno. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ndipo panapofaa. Ukiweza kuimba, kaza gurudumu kidogo. Ukishindwa kutaja jina lako, legeza. Baada ya miezi miwili unaweza kuchanganya: dakika moja ya nguvu, mbili za kupumzika huku ukikanyaga taratibu.

Nne, funga zoezi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Dadangu huanza taarifa ya habari inapoanza redioni. Mwanafunzi anaweza kusoma muhtasari wake akiwa juu ya kiti. Ukingoja hamu ije, utangoja hadi Krismasi.

Tano, jipime mara moja kwa juma, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Pima na kiuno pia. Kuna majuma ambayo mizani haitasonga ilhali sketi imelegea.

Tahadhari

Ikiwa una umri wa zaidi ya miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, au una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari au mimba, muone daktari au muuguzi kwanza. Anayetumia dawa za kisukari azungumze naye hasa, kwa kuwa mazoezi yanaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Awe na kitu kitamu karibu. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, shuka mara moja na utafute msaada. Na ikiwa baada ya kujikaza sana siku za mwanzo mapaja yamevimba na mkojo umekuwa na rangi ya chai ya strungi, usingoje hadi Jumatatu. Nenda hospitali.

Neno moja kwa watu wa kwetu, nao wanajijua. Wapo wanaosema kwamba miraa ni dawa ya kukonda. Ni kweli kwamba huondoa hamu ya chakula kwa saa kadhaa. Lakini pia huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hukunyima usingizi, na wengi huitafuna wakishushia na soda moja baada ya nyingine. Kupanda baiskeli ukiwa na miraa shavuni ni kuulazimisha moyo ubebe mizigo miwili kwa wakati mmoja. Chagua kimoja, na nakuomba uchague baiskeli.

Na wewe ambaye huna baiskeli wala nafasi ya kuiweka katika chumba chako kimoja? Shuka kituo kimoja kabla ya chako na utembee. Panda ngazi za gorofa kwa miguu. Ruka kamba uani pamoja na watoto. Majirani wanne wa ploti moja wanaweza kuchanga wakanunua baiskeli moja ya mitumba na kupeana zamu. Hesabu ya dakika 150 haijali unazipata kwa chombo gani.

Safari inaendelea

Nisikudanganye kwamba hadithi imeisha vizuri na kufungwa. Desemba iliyopita, kati ya mbuzi wa Krismasi na chapati za Mwaka Mpya, dadangu alirudisha kilo moja. Alinieleza bila kuficha, na Januari akaendelea kukanyaga. Sukari yake bado inapimwa kila baada ya miezi mitatu, na itapimwa hivyo maisha yake yote. Yeye mwenyewe husema kwamba mlango ule wa kisukari haujafungwa. Yeye amerudi nyuma hatua chache tu, na kazi yake ni kutousogelea tena.

Nilipomtembelea Pasaka nilimkuta saa kumi na moja na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umefunika migomba, redio ikisoma habari, naye akikanyaga. Kwenye kiti kando yake alikuwa yule ajuza, kikombe cha chai mkononi. Huja karibu kila siku siku hizi, kumsindikiza mwalimu katika safari isiyofika sokoni. Niliuliza kama chai ina sukari. Akasema ina kidogo tu, kwani hata yeye anaipenda miguu yake.

Mimi nimerudi mjini nikiwa natafuta baiskeli nyingine. Ile ya kwanza sithubutu kuiomba irudishwe. Wewe ambaye yako bado iko pale konani, toa nguo hizo leo jioni, pima kiti, na ukanyage dakika 10. Hizo 10 tu. Kesho kutwa, nyingine 10.

Nakutakia Jumapili njema.